Zaka niitoe hapa Lamu au niitume mbali?

Mlangoni: Jamani nauliza, nna zaka yangu ya mwaka, ile 2.5%, hapa mtaani kuna mjane ana mayatima na kule Sudan watu wanakufa njaa, haki ya nani inatangulia?

BintiMkomani: Anza na jirani kakangu. Sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, rai mashuhuri ni zaka isihamishwe mji ikiwa wahitaji wapo.

ShelaBoy: Sikatai ila njaa ni roho ya mtu hiyo, umbali sio sababu ya kumwacha afe! Na mataifa tajiri tangu 1970 Umoja wa Mataifa uliyawekea lengo la kutoa 0.7% ya pato lao kusaidia nchi maskini, mengi hayajafika mpaka leo, yaniuma sana.

Mlangoni: Basi zaka kwa mjane, Sudan ntatuma sadaka.