Amplifaya ya gitaa kwa metali: Katana, Orange, au nitafute ya valvu?

rifu_nzito:
Wakuu, salaam. Mwezi huu nataka kununua amplifaya ya gitaa nipige metali. Nimebaki na tatu: Boss Katana 50, Orange Crush 35RT, au nitafute ya valvu, zile taa za kioo za zamani, iliyotumika. Ipi inanguruma vizuri? Niko Nairobi. Asanteni.

dada_besi:
Bajeti? Unapigia wapi, chumbani au na bendi? Gitaa gani? Nyuzi umezishusha hadi wapi? Halafu metali ni pana, kaka. Kuna ya kina Iron Maiden na kuna ile ambayo mwimbaji anabweka mwanzo hadi mwisho. Bila hayo tutabahatisha tu.

rifu_nzito:
Bajeti ni 50,000, inaweza kupanda kidogo. Drop C. Ya kubweka.

Nyuzi7:
Katana, mjadala ufungwe. Spika ya inchi 12, swichi ya kupunguza nguvu hadi nusu wati, tundu la hedifoni. Weka chaneli ya Brown, gaini (kiasi cha mkwaruzo) isipite nusu, umemaliza. Ile Orange ni tamu sana kwa roki ya kawaida, lakini spika yake ni inchi 10. Uzi wa chini kwenye drop C uko kwenye hezi 65 hivi, wakati E ya kawaida ni 82. Kiboksi kile kinaanza kukohoa.

BabaValvu:
Vijana mnapenda vitu vya kubonyezabonyeza. Sauti ya metali mnayoisikia kwenye rekodi, nusu yake ni Peavey 5150 ya mwaka 1992, ambayo tangu 2004 inaitwa 6505, na nusu nyingine ni Mesa Rectifier. Zote valvu. Ukibana nyuzi kwa kiganja ukapiga, unaisikia tumboni. Kijana, vumilia, weka akiba, nunua kitu cha maana mara moja.

mswahili_wa_tanga:
Shikamoo mzee. Dimebag wa Pantera alipigia amplifaya za Randall za transista miaka yote ile aliyojijengea jina. Chuck Schuldiner wa bendi ya Death alitumia Marshall Valvestate, na ile ina kivalvu kimoja tu pale mbele, nguvu yote ni transista. Hao nao walikuwa wanabonyezabonyeza?

BabaValvu:
Marahaba. Hao walikuwa na mikono. Wewe unayo?

mswahili_wa_tanga:
Ninayo miwili, mzee wangu. Jibu hoja.

athi_kwanza:
Kabla mtoa mada hajaenda kusaka valvu za mkononi, asome hii.

Nilikuwa na kichwa cha valvu cha wati 100, yaani amplifaya isiyo na spika yake, nimekinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi. Kizima, kimetunzwa. Ikaja shoo moja ya wazi, bendi kibao, kabineti moja ya spika kwa wote. Kijana wa jukwaani, kwa haraka ya kubadilisha bendi, akachomoa kebo ya spika kwenye kichwa changu akaipeleka kwenye kichwa cha wanaofuata. Changu akakiacha kinawaka. Mpiga gitaa wao akachomeka gitaa lake kwangu akidhani ndicho anachopigia. Akapiga, kimya. Akaongeza sauti, kimya. Akaongeza tena mpaka mwisho.

Kwa wasiojua: amplifaya ya valvu isiyo na spika haina pa kupeleka nguvu. Volti zinapanda ndani ya transfoma ya kutolea sauti mpaka inatoboka. Nilipofika nyuma ya jukwaa harufu ilikuwa ya vanishi inayoungua, na valvu moja bamba lake la ndani limeiva jekundu kabisa.

Fundi wa redio wa kwanza alikataa kuigusa, na alikuwa na haki. Mle ndani mna volti zaidi ya 400, na kapasita hubaki na chaji hata ukishachomoa waya ukutani. Nikaelekezwa kwa msuka mota huko Gikomba, mtu wa kusuka mota za mashine za posho. Mtu makini. Akaifungua, akahesabu mizunguko ya waya mmoja mmoja, akaandika kwenye kipande cha katoni, akasuka upya. Ikawaka! Lakini sauti zote za juu zilikuwa zimepotea, utadhani spika imefunikwa blanketi. Transfoma ya sauti husukwa kwa tabaka zinazopishana, waya wa kuingilia juu ya wa kutokea, tena na tena. Yeye aliisuka kama ya umeme wa kawaida, upande mmoja wote kwanza kisha wa pili. Simlaumu, nani angemwambia? Valvu mpya nne nilisubiri binamu atoke nazo Manchester zimefungwa ndani ya soksi. Mwisho nikakiuza kwa vipuri.

Waandaaji wa shoo? Simu hawapokei hadi leo.

dada_besi:
Pole sana. Ndiyo maana mimi kebo ya spika naichomoa mwenyewe, hata kama MC anapiga kelele.

rifu_nzito:
Duh. Asante, athi_kwanza. Nimesahau kusema, naishi bedsita ya kupanga, ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba ni mama mmoja wa kanisa, yuko chini yangu.

Nyuzi7:
SASA ndiyo unasema?

kimya_kimya:
Basi hakuna haja ya amplifaya. Chukua kadi ya sauti ya nje, Focusrite Solo au yoyote ya bei hiyo, hedifoni nzuri, na programu. Neural Amp Modeler ni ya bure, na watu wameshaweka humo nakala za 5150 na Rectifier chungu nzima. Bafa iweke sampuli 128 kwa kilohezi 48, kadi yenyewe inachelewesha chini ya milisekunde 3 kwa kuingia, hutasikia tofauti. Utapiga gitaa saa nane za usiku na mama wa watu asijue.

BabaValvu:
Kupiga metali kwa hedifoni. Tumefika huku.

rifu_nzito:
Laptop yangu inazima ikipata joto. Tena Jumamosi huwa napiga na bendi. Tuna dramu na besi.

dada_besi:
Wewe kaka unatoa habari kwa awamu kama mkopo. Dramu halisi? Za mbao?

rifu_nzito:
Za mbao. Na mpigaji ana nguvu.

Nyuzi7:
Basi Katana 100, ya 50 itamezwa.

athi_kwanza:
Haitamezwa. Watu wanahesabu wati kana kwamba ni kilo za sukari. Ukitoka 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie sauti kama imekuwa mara mbili unahitaji wati mara kumi. Kinachowafanya watu wamezwe ni kupunguza sauti za kati. Chumbani unaweka besi juu, trebo juu, kati sifuri, inanguruma hasa. Ukiingia kwenye bendi, besi imechukua chini, matoazi yamechukua juu, wewe huna pa kukaa. Rudisha kati, hata ikikuudhi ukiwa peke yako.

Na kwenye shoo yenye mfumo wa sauti, weka maikrofoni mbele ya spika, SM57 inatosha. Yenyewe iko sokoni tangu 1965 na bado ndiyo wanayotumia. Hapo hata wati 20 zinajaza ukumbi.

dada_besi:
Ongeza: iinue kutoka sakafuni, ielekee kwenye masikio yako. Wapiga gitaa wengi wanatuuwa sisi mbele huku wao wanajisikia magotini.

mswahili_wa_tanga:
Tumesahau gitaa lenyewe. Mtoa mada, gitaa gani?

rifu_nzito:
Aina ya Strat. Pikapu (vile vinasa mlio chini ya nyuzi) ndogo tatu.

mswahili_wa_tanga:
Koili moja moja kwa gaini ya kubweka, kwenye jengo ambalo waya wake wa athi, ule wa ardhini, anaujua Mungu. Utasikia mvumo wa umeme kuliko gitaa. Toa sehemu ya bajeti uweke pikapu ya koili mbili pale kwenye daraja, na nyuzi nene, seti ya 11 hadi 56. Na pedali ya Tube Screamer mbele ya amplifaya, draivu sifuri, leveli juu. Inakata ule uzembe wa besi.

Nyuzi7:
Tube Screamer ni ya kila mtu. Chukua Boss HM-2, vitufe vyote vinne mwisho. Ndiyo sauti ya bendi ya Entombed na metali ya Stockholm yote ile. Ilitengenezwa 1983 hadi 1991, halafu Boss wenyewe wakaona wamekosea wakaitoa tena.

kimya_kimya:
HM-2 ni nyuki ndani ya kopo.

Nyuzi7:
Ndiyo maana yake!!

BabaValvu:
Mkimaliza nyuki, niseme moja. Baba yangu mdogo alipiga solo kwenye bendi ya dansi Dar miaka ya sabini. Amplifaya haikuwa yake, gitaa halikuwa lake. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, ukihama bendi unaondoka na suti yako tu. Mlio wake alikuwa nao vidoleni, na hakuna aliyemuuliza anatumia pedali gani.

mswahili_wa_tanga:
Hapo mzee nakubaliana na wewe. Lakini ulisema valvu.

BabaValvu:
Ilikuwa ya valvu.

rifu_nzito:
Kwa hiyo Katana 50? Au pikapu kwanza?

kimya_kimya:
Laptop kwanza.

pwani_doom:
Samahani kuingilia. Nina 6505 kombo, yenye spika ndani, nauza, niko Mombasa. Imepigwa kidogo tu, kanisani. Spika safi.

athi_kwanza:
Ya volti ngapi? Kama imetoka Marekani itakuwa ya 120, ukiichomeka kwenye 240 za huku ni fyuzi ukiwa na bahati, transfoma ukikosa. Tuma picha ya bamba la nyuma.

BabaValvu:
Bei?

pwani_doom:
Bei njoo faragha, mzee. Picha natuma kesho, kwa sasa imo ndani ya gari la shemeji na amekwenda nalo Malindi.