Mama anasahau sana na sasa anajikojolea, nisaidieni

Wakuu heshima kwenu. Mama ana miaka 78 naishi naye hapa Tabata, kama miaka miwili hivi anasahau sana, ila toka wiki mbili zilizopita anajikojolea, juzi nimemkuta kachuchumaa pembeni ya kabati anajua ndo chooni. Wife anafua mashuka kila siku tumeanza hadi kununiana. Jioni nimemkataza maji lakini wapi, na jana nikamfokea akalia kama mtoto, roho inaniuma.

Bulicheka: Hapo kuna mkono wa mtu mkuu.

NesiMstaafu: Bulicheka acha hizo. Mleta uzi, usimnyime maji, mkojo ukiwa mzito unakera kibofu na choo kigumu nacho kinakibana, we punguza chai ya jioni tu. Halafu wiki mbili ni ghafla, kapime mkojo na sukari. Mzee mwenye UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) anaweza asilalamike maumivu, unaona tu kachanganyikiwa zaidi. Anameza dawa gani?

Mleta uzi: Ya presha usiku, ile ya kukojosha, na Piritoni anawashwa mwili.

NesiMstaafu: Loh! Mwambie daktari, huenda ya presha akaihamishia asubuhi, usiikate mwenyewe. Piritoni kwa mzee anayesahau inamvuruga kichwa na inaweza kuzuia mkojo mpaka unaanza kuvuja.

MjukuuWaBabu: Babu yetu alikuwa anakojolea ndoo ya unga (ugali huo hatukuuzungumzia tena). Tukawa kila masaa mawili tunamshika mkono, "babu twende", usimuulize kama kabanwa atakwambia hapana. Taa ya choo haizimwi, mlango wazi akione, nguo za lastiki tu, vifungo vinamchelewesha.

mamaT: Na pampasi za wakubwa zipo famasi, ila anza na usiku tu, akishinda nazo kutwa anazoea humohumo na ngozi inachubuka. Wife mpe pole, muajirini hata dada wa kufua.

Mleta uzi: Mrejesho wakuu. UTI ilikuwepo kweli, kaanza dozi, na dawa ya presha imehamia asubuhi. Nimemuomba msamaha hakumbuki hata kama nilimfokea. Usiku wa kuamkia leo nimempeleka chooni saa tisa, njiani kanishika bega ananiita jina la marehemu baba, nikaitika tu.