Anti, toa bei kwa hiyo kofia

Anti Leah (Tennessee): [picha] Hamjambo watu wa nyumbani. Kofia za sherehe ya Babu ndio hizi, tano za kaoboi na moja ya maua ya Mama Neema. Kuna mtu anasafiri Alhamisi nitampatia

Kevo: Anti umesahau kutoa karatasi ya bei kwa hiyo ya maua 😂 inaning'inia hapo mbele ya macho kabisa

Mama Neema: Ata mimi nimeiona nikanyamaza. Toa bwana, watu wasijue nimevaa kofia ya dola mbili

Anti Leah (Tennessee): Dola 1.98!! Na usiiguse Mama Neema, hiyo bei ndio kofia yenyewe, nimeiandika na mkono wangu. Muulizeni Babu Minnie Pearl ni nani

Babu: Minnie Pearl. Mchekeshaji wa Marekani, mama wa salamu ya HOW-DEE. Tulikuwa na kanda yake kwa lori, turnboy wangu hakuwa anaelewa hata neno moja lakini akisikia hiyo hau-dii anacheka mpaka Salgaa. Sura yake sikuwahi kuiona.

Anti Leah (Tennessee): Basi baba mimi namwona kila wikendi. Huyu bibi ninayemtunza ako na kipindi chake cha TV kinaitwa Hee Haw, cha vichekesho na muziki wa kantri, vya zamani hivyo vinarudiwa, ukimbadilishia stesheni hali chakula. Mwanzoni nilikuwa naona ni upuzi, watu wazima wanachomoza kwa shamba la mahindi ya plastiki wanasema kichekesho kimoja wanarudi chini kama fuko. Sahii mimi ndio namwita bibi kinaanza

Kevo: Hee Haw ni nini sasa

Anti Leah (Tennessee): Mlio wa punda. Na punda mwenyewe yuko, wa katuni, anakuja kucheka kichekesho kikiwa kibaya

Anko Sammy: Hao ndio wa kule Mwea walikuwa wanatuamsha saa kumi na moja. Jamani mchango, wamelipa watu wanne pekee

Anti Leah (Tennessee): Ngoja Sammy tumalize hii. Kilianza Juni 1969 kwa CBS, stesheni kubwa ya TV huku, kama cha kujaza pengo tu la kiangazi, kipindi kingine kilikuwa kimetolewa hewani. Wenye shoo ni Buck Owens na Roy Clark, wawili na gita zao, Buck ile yake ya nyekundu nyeupe na bluu. Na waliokibuni hamtaamini, ni jamaa wawili wa Kanada, Frank Peppiatt na John Aylesworth, ati ndio wakawaundia Wamarekani kijiji chao

Babu: Jim Reeves alikuwa anaimba hapo?

Kevo: Babu kila kitu lazima Jim Reeves 😂

Anti Leah (Tennessee): Baba si Jim Reeves alikufa na ndege 1964. Lakini Charley Pride alikuwa mgeni kwa kipindi cha kwanza kabisa, yeye na Loretta Lynn

Babu: Charley Pride. Mtu mweusi kutoka Mississippi, ametoka kuchuma pamba na kucheza besiboli. Huyo mniwekee Jumamosi kabla ya nyama, si baada. Baada ya nyama watu hawasikizi.

Mama Neema: Sasa kofia na bei jameni, nangoja

Anti Leah (Tennessee): Aa eeh. Hadithi ya Minnie Pearl mwenyewe ni kwamba alinunua maua ya kuweka kwa kofia akiwa na haraka, akapanda stejini, kumbe karatasi ya bei imebaki, katikati ya shoo ikaanguka ikaning'inia, watu wakafa kicheko. Tangu hapo hakuitoa. Na huyo mama alikuwa msomi wa chuo, familia yenye uwezo, jina lake halisi Sarah Ophelia Colley, ushamba ulikuwa kazi

Mama Neema: Haya nitavaa. Lakini picha za kanisani naivua

Kevo: Kilienda miaka mingapi?

Anti Leah (Tennessee): Zaidi ya ishirini! Na kilifutwa mara ya kwanza 1971, hapo ndio utamu. Kilikuwa kinatazamwa sana, hakikuwa kimeshindwa, ila wakubwa wa CBS walitaka watazamaji vijana wa mjini ndio wauze matangazo, wakafagia vipindi vya kijijini karibu vyote. Kuna muigizaji alisema mwaka huo CBS iliua kila kipindi kilichokuwa na mti ndani 😂 Wenyewe nao hawakulia. Wakaendelea kurekodi hapa Nashville wakawa wanauzia stesheni mojamoja za mikoani, ya huku, ya kule, kila moja inaonyesha Jumamosi jioni

Anko Sammy: Kama kampuni ikikataa maziwa yako unabeba mkebe unapitia nyumba kwa nyumba

Anti Leah (Tennessee): Hivyo hivyo Sammy. Na unajua walirekodi vipi? Mara mbili kwa mwaka, Juni na Oktoba, wiki chache. Vichekesho vyote vya shamba la mahindi wanavimaliza pamoja, kesho nyimbo, kesho kutwa vichekesho vya kinyozi, alafu mhariri anakatakata na kugawanya kwa vipindi vya msimu

Kevo: Wah, kumbe ni sisi tuliiga, me hurekodi TikTok za mwezi mzima Jumapili moja nabadilisha tu shati

Mama Neema: Na shati zote nafua mimi

Anti Leah (Tennessee): Bibi anampenda Junior Samples, jamaa mnene wa ovaroli, alikuwa fundi wa mbao Georgia, akajulikana kwa sababu ya uongo wa samaki, alidanganya amevua samaki mkubwa, akahojiwa, uongo ukatolewa rekodi. Kusoma maneno kwa kadi kulikuwa kunamshinda, anajikwaa anarudia, na wanaacha hivyo hivyo kwa hewa. Anauza gari mbovu anainua kibao cha namba ya simu, BR-549, na hiyo namba haipigiki popote

Babu: Kuna mmoja wa banjo. Suruali inaishia magotini.

Anti Leah (Tennessee): Stringbean baba. Shati refu mpaka mapajani, suruali fupi imefungwa hapo chini, mtu anaonekana miguu ya bata. Yeye ndio alikuwa sanamu ya kufukuza ndege kwa shamba la mahindi. Huyo walimuua

Kevo: Ai

Anti Leah (Tennessee): Novemba 1973. Ametoka kupiga shoo usiku na mke wake, wakakuta majambazi wanawangoja nyumbani. Ilijulikana hapendi benki, aliona benki zikianguka akiwa kijana. Wakawaua wote wawili, na ile pesa nyingi waliyoifuata hawakuiona. Asubuhi aliyewapata ni Grandpa Jones, mwenzake wa shoo na jirani, walikuwa na safari ya kuwinda. Pesa ilionekana miaka zaidi ya ishirini baadaye nyuma ya tofali za bomba la moshi, panya wameshaila, haina kazi. Kwa shoo hawakumweka mtu mwingine pale, walisimamisha sanamu tupu kwa mahindi

Mama Neema: Mungu wangu. Sanamu tupu tu

Anko Sammy: Na kuna mzee hapa alikuwa na kitu kwa godoro, sitaji

Babu: Nilitoa zamani. Iko M-Pesa. Msinitafute.

Kevo: 😂😂😂 Sasa walimaliza aje

Anti Leah (Tennessee): Buck alitoka 1986, Roy akabaki na wageni. Alafu mapema 1992 wakaamua kuwa wa kisasa, wakafukuza wazee wengi, wakaondoa ushamba, seti ikawa ya mjini. Mwaka huo huo kikaisha. Bibi hizo za mwisho hataki kuziona, anazima anaomba chai

Mama Neema: Enyewe. CBS iliwafukuza kwa sababu ya mahindi hawakufa, wakajing'olea mahindi wenyewe wakafa

Anko Sammy: Hapo umesema. Haya mchango sasa, mbuzi hanunuliwi na hadithi

Kevo: Anko natuma kesho walai. Anti hiyo ya Grandpa Jones ni babu wa kweli ama?

Anti Leah (Tennessee): Aliitwa Babu akiwa na miaka 22! Alikuwa anafanya redio asubuhi na kununa, wenzake wakasema huyu ni mzee, akabandikwa masharubu ya bandia akapewa viatu vikuukuu. Akazeeka akayafikia. Kwa Hee Haw anafuta kioo cha dirisha, na kioo hakuna, watu wanamuuliza kwa sauti Babu chajio ni nini, yeye anataja vyakula kwa mashairi

Kevo: BABU CHAJIO NI NINI

Mama Neema: Baba usimjibu huyo

Babu: Ngojeni nitafute miwani.

Babu: Ugali wa moto, sukuma ya shambani,
matumbo ya jana yamelala sufuriani,
maziwa lala nayo yako kibuyuni,
atakayechelewa atalamba sahani.

Anti Leah (Tennessee): 😭😭😭 namsomea bibi sahii

Mama Neema: Baba hayo matumbo nilimpea mbwa asubuhi