Ushauri: kumshusha mzee kwenye mgodi wa chumvi wa Wieliczka naye magoti yanamsumbua

Mtoto wa Chumvini (mwenye uzi)

Assalamu alaykum wanajukwaa. Naomba ushauri wa waliowahi kusafiri Ulaya na wazee wao, na hasa waliofika Poland. Likizo ya skuli ya mwezi wa sita, inshallah, nitakwenda Kraków pamoja na baba, mama, mke wangu na watoto wetu, na katika yote tuliyoyapanga, linaloninyima usingizi ni ziara ya mgodi wa chumvi wa Wieliczka, ulio umbali wa kilomita kama 14 kutoka mjini. Baba aliifanya kazi ya chumvi hapa Pemba tangu ujana wake mpaka miguu ilipomshinda. Alikuwa akifungulia maji ya bamvua yaingie mabwawani, akiyasubiri yakaushwe na jua la kaskazi, kisha akiikwangua chumvi kwa mikono iliyojaa nyufa. Nilipomwonesha picha ya ukumbi uliochongwa ndani ya mwamba wa chumvi, wenye taa kubwa za kuning'inia zilizotengenezwa kwa fuwele za chumvi, aliniuliza kama namfanyia mzaha.

Tatizo ni kwamba njia ya watalii ina ngazi zipatazo 800, na 380 za mwanzo hushukwa mfululizo kabla hujaona chochote cha maana. Mwendo wote unakaribia kilomita 3 na huchukua saa mbili hadi tatu. Baba amepita miaka 70 na magoti yake hayamtii. Je, nimshushe, au nimwache juu na mama?

Muongozaji wa Paje

Ndugu yangu, mimi nawatembeza wageni, na Wapoland siku hizi wamejaa pwani yetu kiasi kwamba hata wauza madafu wanawaamkia kwa lugha yao. Wengi wao huwa wanaisifu Wieliczka kabla ya kuisifu Kraków yenyewe. Hao ndio walionieleza kuwa ngazi nyingi ni za kushukia, na kwamba kurudi juu hupandishwa kwa lifti ya wachimbaji, nyembamba, ambayo watu husimama humo wamebanana. Mchukulie mzee jaketi, kwa sababu huko chini joto halifiki nyuzi 20 hata juani kukiwa kunachoma. Na watoto waambie mapema kwamba kuta zinalambika na kwamba watalamba ukuta ambao wameshaulamba watu wa dunia nzima.

Bi Mkubwa wa Wete

Mimi nauliza lililo zito kuliko magoti. Huo ukumbi uliomwonesha baba yako ni kanisa. Linaitwa kwa jina la Mtakatifu Kinga, liko mita 101 chini ya ardhi, wachimbaji wenyewe walianza kulichonga mwaka 1896, na misa husomwa humo hadi leo. Je, mzee ameambiwa, au ameoneshwa taa tu? Wanazuoni wetu wana kauli zao kuhusu kuingia mahali kama hapo kwa kutazama, nami sitatoa fatwa mtandaoni, lakini mtu mzima hufikishwa mahali akiwa anajua ni pahala gani. Tena kuna suala la sala. Hapa Pemba tumezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja, ilhali Kraków Makka iko kusini-mashariki, na chini ya ardhi hakuna jua la kumwongoza mtu. Pangeni saa ya ziara isikate kipindi cha sala.

Mkwanguaji Mstaafu

Huyu mzee ni mwenzangu wa kazi ijapokuwa simjui, na kwa maoni yangu apelekwe hata kwa kubebwa. Sisi chumvi yetu ni ya mvua moja: mwaka mmoja vuli iliwahi usiku, tukaamka asubuhi tukakuta mabwawa yamekuwa maji matupu na kazi ya mwezi mzima imerudi baharini, na mwenye shamba akatulipa kwa maneno. Wenzetu bahari yao ilikauka mamilioni ya miaka iliyopita na chumvi ikafunikwa na udongo, kwa hiyo walichimba tangu karne ya 13 mpaka uchimbaji wa kibiashara ukakoma mwaka 1996, ngazi tisa za mashimo, mita 327 kwenda chini. Walikuwa na farasi wa kuzungusha mitambo ya kupandishia mizigo, wengine wakiishi mumo humo shimoni kwa miaka, na farasi wa mwisho alitolewa mwaka 2002. Ningependa kuliona zizi lao kabla ya hilo kanisa. Samahani kwa kuwa sijalijibu swali la magoti, lakini yangu mwenyewe pia ni mabovu.

Karani wa Malindi

Nimeusoma uzi wote na kuna jambo silielewi. Wanaosimamia mgodi ule wana njia maalumu kwa wenye matatizo ya miguu, ambayo mgeni hushuka na kupanda kwa lifti na kuiona sehemu tu ya njia ya kawaida, ilimradi apange nao mapema. Mtu aliyejua idadi ya ngazi za mwanzo kuwa ni 380 hawezi kuwa hakuliona hilo. Kwa hiyo swali lako lilikuwa na jawabu kabla hujaliandika. Nani anawapokea huko, na kwa nini lazima iwe mgodini? Sema lililokuleta hapa.

Mtoto wa Chumvini

Ahsanteni nyote. Ni kweli kwamba nafasi za njia ya lifti tumeshaziweka na zimeshalipiwa, lakini niliona ni vyema kusikia uzoefu wa watu kuhusu wazee na sehemu zilizofungika. Anayetusaidia huko ni dada yangu mdogo, ambaye anaishi Kraków tangu alipokwenda kusoma.

Bi Mkubwa wa Wete

Una dada katika mji unaokwenda, ukamtaja mke, watoto na mashimo ya chumvi, lakini dada hukumtaja! Mwanangu, endelea.

Mtoto wa Chumvini

Bi Mkubwa, nitasema, na naomba nisihukumiwe kwa haraka. Dada yangu aliolewa huko na Mpoland aliyesilimu, na nikaha ilifungwa msikitini, lakini bila ya idhini ya baba. Aliombwa, akakataa, na imamu wa kule akasimama badala ya walii. Tangu siku hiyo baba husema kwamba hana binti Ulaya, na jina lake halitajwi nyumbani. Baba anajua kuwa safari hii ni zawadi yangu kwake. Hajui kuwa dada ndiye aliyelipia ziara ya mgodi, wala kuwa atakuwa pamoja na mumewe wakitusubiri huko chini.

Nimeamua mgodini kwa sababu zangu. Baba akiwa nyumba ya mtu ataondoka, akiwa mkahawani atainuka, lakini mbele ya chumvi, kitu anachokijua kuliko kitu chochote duniani, moyo wake utakuwa laini. Dada ameshaomba ruhusa kazini, tiketi za ndege zimeshalipwa, na sioni ni wapi tena watakutana kabla Mola hajamchukua mmoja wao.

Muongozaji wa Paje

Kumbe umemtegea mzee dema! Njia ya kuingilia ni pana na chambo ni chumvi, na anayegeuka kutaka kutoka hupambana na fito. Unajua fika kwamba kule watu hutembezwa kwa kundi na muongozaji wake, na hakuna anayeruhusiwa kujiondokea peke yake.

Nahodha wa Mkokotoni

Nina la kusimulia kuhusu wazee na mashimo. Niliwahi kumpeleka babu yangu Mangapwani kwenye kile chumba cha watumwa kilichochimbwa ndani ya jiwe, ambacho kinatajwa kuwa kilitumika kwa magendo baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873. Nilidhani namfurahisha. Alifika kwenye ngazi, akachungulia, akarudi kukaa chini ya mti, na hakusema nami mpaka tulipofika mjini. Baadaye ndipo bibi aliponiambia kwamba katika ukoo wetu kuna waliopitishwa njia hizo. Kwa hiyo mtu usimpeleke chini ya ardhi kwa jambo lililo moyoni mwako wewe. Na suala la walii si dogo kama ulivyoliandika. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, baba ana haki yake hapo, na haki hiyo haifutwi kwa ziara.

Karani wa Malindi

Nami naanza kushuku kuwa hadithi hii imetungwa. Viza ya Schengen humtaka mwombaji aweke alama za vidole yeye mwenyewe, aoneshe bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na aandike kwenye fomu atafikia wapi au amealikwa na nani. Mzee amepita katika yote hayo bila ya kusikia jina la binti yake? Na tazameni lilivyopangika: baba wa chumvi, mgodi wa chumvi, binti anayesubiri ndani ya chumvi. Mambo ya kweli hayaendani hivyo. Huyu anajaribu mchezo wa redio.

Mtoto wa Chumvini

Fomu niliijaza mimi na nikaandika hoteli, nayo ni hoteli ya kweli iliyolipiwa. Maswali yaliulizwa kwa Kiingereza na mimi ndiye niliyekuwa namfasiria baba. Sikusema uongo wowote.

Nahodha wa Mkokotoni

Ulimfasiria baba yako yale uliyotaka ayasikie. Hilo tuliweke jina gani?

Mkwanguaji Mstaafu

Ngojeni, kabla hatujamfukuza kijana wa watu nimpe mtihani. Baada ya chumvi kuganda na kukwanguliwa, maji yanayobaki bwawani mzee wako alikuwa akiyafanya nini?

Mtoto wa Chumvini

Alikuwa akiyatoa kabla ya kufungulia mengine, kwa sababu ni machungu, na yakiachwa yachanganyike na maji mapya chumvi inayofuata huwa chungu na haikauki, hata ndani ya gunia huendelea kutoa maji. Utotoni nilichapwa kwa kusahau kuyatoa.

Mkwanguaji Mstaafu

Huyu ni wa chumvini. Mimi nimetosheka.

Karani wa Malindi

Umethibitisha kuwa anaijua chumvi. Hujathibitisha kuwa ana dada.

Bi Mkubwa wa Wete

Awe na dada au asiwe naye, wapo wengi humu wenye dada wa namna hiyo na wanasoma kimya kimya, kwa hiyo nitajibu. Mama yako yuko wapi katika mpango huu? Umemtaja mara moja tu, wa kuachwa juu na mgonjwa wa magoti. Mama ndiye wa kulisema jambo hili, na alisemee hapa Pemba, nyumbani kwao, baba akiwa bado ana uwezo wa kukataa. Akikataa, mtakuwa mmepata hasara ya tiketi. Akikubali, atashuka kwenye huo mgodi kama baba anayekwenda kumwona mwanawe.

Mtoto wa Chumvini

Nimezungumza na mama. Amesema alikuwa anajua siku nyingi, kwa kuwa dada humpigia simu kila Ijumaa. Atamwambia baba kwamba binti yake yuko Kraków na kwamba ndiye aliyelipia mgodi. Lile la kukutana naye mle ndani tumeonelea lisitajwe mpaka tutakapofika hotelini, asije akaghairi safari nzima.

Bi Mkubwa wa Wete

Bado unaficha, ila hotelini angalau anaweza kuingia chumbani na kufunga mlango. Mwambieni usiku, si asubuhi mkiwa mnasubiri gari. Na mwambieni pia kuhusu kanisa.