Naomba ushauri: mama anauza dawa za miti shamba, ukaguzi umeanza

Wakuu, habari zenu. Mama yangu anauza dawa za asili sokoni hapa Morogoro: unga wa mlonge, magome ya mwarobaini na nyinginezo. Juzi wakaguzi walibeba mzigo wote wa jirani yake. Dawa ya maji ilikuwa kwenye chupa za soda zilizookotwa, haina lebo, haijulikani imetengenezwa lini wala inaisha lini. Kwa hilo nawaunga mkono, maana anayekunywa ni mgonjwa. Ila unga wa mama nao uko kwenye vifuko vya nailoni vilivyozibwa kwa moto wa mshumaa, na masika hii unashika unyevu na kuganda.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inataka mganga asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na dawa hupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Aliyepitia njia hii anielekeze: aanze kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, au apeleke sampuli kwanza? Vifungashio vizuri vya bei ya mtu wa sokoni vinapatikana wapi? Na mzigo uliopo asimamishe kuuza? Ada ya mdogo wangu inatoka hapo hapo.