Mwanangu anavuja protini kwenye mkojo: unajuaje mapema kama figo zitakufa?

Mama Nuru, Tabata
Habari za humu jamani. Mwanangu ana miaka 4. Aliamka siku moja macho yamevimba, nikajua kaumwa na mdudu. Zahanati wakatupa dawa ya aleji. Baada ya siku tatu miguu nayo, kisha tumbo, mpaka kaptula ya chekechea haifungi. Bibi yake akasema minyoo hiyo. Ni mama mmoja tu tuliyekaa naye foleni ya maabara ndiye aliyeniuliza, "Mkojo wake una povu?" Nikakumbuka, ndiyo! Povu kama la Omo, na mimi kutwa nagombana na dada wa kazi kwamba hasuuzi choo.

Kipimo kikatoka protini plasi tatu (+++), yaani nyingi sana. Daktari kaandika sindromu ya nefrotiki, ugonjwa wa figo kuvuja protini, kaanzisha predinisoloni, dawa ya steroidi. Leo siku ya 10. Mashavu yamekuwa duara, na anakula mpaka naogopa.

Kinachoninyima usingizi: mjomba wangu alifariki kwa figo, miaka miwili akisafishwa damu. Kuna kipimo cha kuniambia mapema kama mtoto ataishia huko?

Nesi wa Watoto
Pole sana mama Nuru. Kwanza, kuvimba kule hakumaanishi figo zimefeli. Chujio za figo zinavuja protini, damu inapungukiwa albumini (protini inayoshikilia maji ndani ya mishipa), maji yanatoka kwenye damu na kujaa mwilini. Mtoto anaweza kuvimba hivyo na kreatinini yake (uchafu wa damu unaopimwa kujua figo zinachuja vipi) ikawa nzuri kabisa.

Kipimo kimoja cha kutabiri yote hakuna, ila kinachotuambia mengi kuliko vyote ni hiyo hiyo predinisoloni. Watoto wa umri wake, zaidi ya 8 kati ya 10, mkojo husafika ndani ya wiki 4. Hao ugonjwa unaweza kurudi hata mara nyingi, lakini figo kwa kawaida hubaki salama. Tunaowahofia ni wale ambao wiki 4 hadi 6 zinapita, dawa anakunywa vizuri, na protini bado imejaa. Hapo ndipo daktari hutaka kuchukua kinyama kidogo cha figo kwa sindano, kikapimwe. Wengine wa kuangaliwa kwa karibu ni aliyeanza kuumwa kabla ya kufika mwaka 1 au akiwa na zaidi ya miaka 12, mwenye presha ya juu, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au kreatinini inayopanda. Presha yake walipima?

Baba Pacha, Mbagala
Wangu ana miaka 9, ugonjwa umerudi mara tano, figo zake nzima. Nunua kopo la vijiti vya kupimia protini kwenye mkojo na daftari. Kila asubuhi chovya, andika. Plasi tatu siku tatu mfululizo, umerudi, nenda hospitali usingoje avimbe.

Sisi tulikaribia kumwua kwa mikono yetu. Alikuwa amevimba, akaharisha, akashikwa na homa, nikampa diklofenaki ya duka la dawa. Mkojo ukakata. Alilazwa, kreatinini ilikuwa juu, wakahangaika naye mpaka ikashuka. Siku hizi ni parasetamoli tu, na homa yenye tumbo kuuma hatulali nayo nyumbani, ni bajaji saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.

Nesi wa Watoto
Baba Pacha kasema kweli. Mama Nuru, usije ukaikata predinisoloni ghafla kwa sababu ya mashavu, inapunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Na kabla ya chanjo yoyote, sema anatumia dawa hiyo.

Mama Nuru, Tabata
Presha walipima, wakasema iko sawa. Vijiti nimepata leo. Plasi mbili! Sijui nifurahi au nisubiri.

Embe bichi la chumvi na pilipili nimelipiga marufuku mpaka uvimbe uishe. Kaninunia tangu mchana, na bibi yake kamuunga mkono.

Baba Pacha, Mbagala
Andika plasi mbili, weka na tarehe. Kesho chovya tena.