Southampton: huu mpango wa kusajili watoto una faida gani kama tunashuka nao daraja?

Mtakatifu wa Likoni (Jumapili, 12 Februari 2023)

Wadau salama? Najua humu wengi ni Arsenal, Man U na Liverpool na sisi wa Southampton, timu ya Ligi Kuu ya Uingereza, tunahesabika kwa vidole, ila leo naomba mnivumilie nitoe la moyoni. Timu hii nilianza kuifuata 2013 kiungo wetu Mkenya Victor Wanyama alipotoka Celtic kwa pauni milioni 12.5, Wakenya wengi tulihamia pale kwa ajili yake tu. 2016 akaenda zake Spurs, wenzangu wakahama naye, mimi nikabaki, sijui ni ubishi ama mazoea.

Sasa jana mmeona wenyewe. Tuko nyumbani na Wolves, yule dogo mgeni Alcaraz anatupa bao la kuongoza, Lemina ambaye zamani alikuwa wetu anakula nyekundu dakika ya 27. Yaani unaongoza, uko kwako, wenzio wako kumi na muda uliobaki ni zaidi ya saa nzima. Beki wetu Bednarek akajifunga, halafu dakika ya 87 João Gomes wa Wolves akamaliza kazi. 1-2. Nilizima simu. Leo kocha Nathan Jones kafukuzwa, mechi 8 za ligi kashinda 1 kapoteza 7. Tuko mkiani na pointi 15 kwa mechi 22, Leeds anayeshika nafasi ya 17 ana 19.

Lakini swali langu si kocha, makocha wanakuja na kuondoka. Swali ni ule mpango wenyewe. Kampuni ya Sport Republic walinunua asilimia 80 ya klabu Januari mwaka jana, pesa za yule tajiri Mserbia Dragan Šolak, akili ya Rasmus Ankersen aliyetoka Brentford. Wakatuambia tutachukua vijana wadogo wenye vipaji, tuwape mechi, wakue, thamani ipande, klabu isimame kwa miaka mingi. Ndio hao akina Bazunu kipa wa miaka 20, kiungo Lavia alikuja na miaka 18, Bella-Kotchap, Edozie, Mara, Larios. Nikafurahi kweli, nikasema hapa kuna watu wanafikiria mbali.

Sasa niambieni, ni busara kuuamini mpango na kukubali kushuka nao tukijua utalipa baadaye, ama huo mpango ndio unaotuzamisha na sisi tunaendelea kuupigia makofi?

---

Kop ya Temeke

Kwanza kabisa mkuu niwashukuru kwa niaba ya sisi Liverpool wa Anfield nzima, Lallana, Lovren, Lambert, Clyne, Mane, van Dijk, mmetulea vizuri mno 😂😂

Tuache utani. Mnapoongelea mpango wa zamani watu wanasahau ulivyokuwa. 2014 mliuza nusu ya timu, Shaw kaenda United, Chambers Arsenal, sisi tukabeba watatu, kila mtu akasema hawa wanashuka. Kocha Koeman akamaliza wa 7, msimu uliofuata wa 6. Kwa nini? Angalia alimchukua nani. Mshambuliaji Pellè alikuwa anakaribia miaka 29. Tadić 25 tayari katoka kuiva Uholanzi. Forster 26. Nyuma kuna José Fonte, katikati Steven Davis, Schneiderlin na huyo Wanyama wenu (japo msimu wa mwisho alikula nyekundu tatu, mtu wa hasira yule). Mane ndio alikuwa kijana, 22, na alikuwa anazungukwa na watu wazima.

Kwa hiyo kusajili vijana si tatizo, hata Mane alikuwa kijana. Tatizo ni kwamba sasa hivi kijana akikosea anageuka nyuma anamkuta kijana mwenzake naye anatetemeka.

---

Babu Mkeka

Mimi hiyo mechi ya Wolves niliiweka kwenye mkeka wa kubeti, timu 9 zilitiki imebaki Southampton tu, naona nyekundu dakika ya 27 nikaanza kupiga hesabu ya bati. Hiyo timu ishuke tu hata leo sina cha kuongeza

---

Bi Kona

Mleta mada pole kaka. Mimi ni Chelsea ila nawafuatilia kidogo kwa sababu mlitufunga Agosti na ile siku naikumbuka vizuri, na naona jibu lako lote liko kwenye wiki ile moja.

Tarehe 30 Agosti mnatupiga 2-1, Lavia anafunga bao lake la kwanza, anacheza kama mtu wa miaka 28, kibanda kizima tunaulizana huyu mtoto katoka wapi. Kipindi cha pili anashika paja, anatoka. Siku mbili baadaye dirisha linafungwa, na siku hiyohiyo mnamuuza Oriol Romeu kwenda Girona! Kiungo mkabaji mzoefu, miaka saba klabuni, mnamuachia wakati dogo mliyempanga kwenye nafasi yake ameshaumia juzi yake tu. Baada ya hapo mkapigwa mechi nne za ligi mfululizo, Wolves, Villa, Everton, Man City wakawapa 4. Hizo nne tu zingegeuka hata sare mngekuwa na 19 leo, mko sawa na Leeds.

Sasa huo ni mpango gani wa muda mrefu ambao hauwezi kupanga hata mwezi wa tisa? Mimi sina shida na wazo la vijana, nina shida na watu waliokuwa na haraka ya kufagia wakubwa wote kwa mkupuo. Forster kaenda Spurs bure, Long kaondoka, Redmond kaondoka, Romeu kaondoka. Halafu golini ukamweka mtoto ambaye hajawahi kudaka hata mechi moja ya ligi kuu, nyuma ya mabeki watoto. Bazunu atakuja kuwa kipa, sikatai, lakini kwa sasa kila shuti likilenga goli naona mashabiki wenu wanafumba macho.

---

Mhasibu wa Mpira

Naomba niingie kwa upande wa hela maana naona wote mnaongea kishabiki.

Wale jamaa ni wafanyabiashara na kwa hesabu za biashara hawajakosea sana mpaka sasa. Lavia wamemchukua kutoka Man City kama pauni milioni 10 na ushee. City wameweka kipengele cha kumnunua tena kwa milioni 40, maana yake hata City wenyewe wanajua bei yake inakwenda wapi. Wakishuka leo watamuuza yeye, watamuuza Bella-Kotchap, kiungo Ward-Prowse naye atapata timu, hela ya kusajili timu nzima ya Championship (daraja la pili) inapatikana bila kuingia mfukoni kwa Šolak.

Pia kuna malipo ya parachuti. Timu iliyokaa ligi kuu zaidi ya msimu mmoja ikishuka inapewa mwaka wa kwanza asilimia 55 ya lile fungu la televisheni ambalo klabu zote zinagawana sawa, mwaka wa pili 45, wa tatu 20. Ndio maana Burnley waliposhuka mwaka jana watu wakawalilia, leo kocha wao Kompany anaongoza Championship anavyotaka, na kikosi kabadilisha karibu chote akaleta vijana.

Ila msinielewe vibaya, simaanishi kushuka ni rahisi. Sunderland walishuka 2017 na parachuti yao mkononi, mwaka uliofuata wakashuka tena hadi League One (daraja la tatu), kutoka huko wametoka mwaka jana tu. Na nyie wenyewe mlishuka 2005 baada ya miaka 27 juu, mkaambiwa mtarudi haraka, 2009 mkajikuta League One, mmekatwa pointi 10 na klabu inakaribia kufungwa mpaka marehemu Markus Liebherr alipoinunua. Mishahara ya ligi kuu haisubiri parachuti.

---

Mtakatifu wa Likoni

@Bi Kona dada umenigusa kwa Romeu, siku ile nililalamika nikaambiwa sielewi mradi.

@Mhasibu sawa nimekuelewa, lakini sasa hapo ndipo roho inaniuma. Ukisema mpango umefaulu kwa sababu Lavia atauzwa ghali, mimi shabiki nimepata nini? Mimi sina hisa. Mimi nilitaka kumuona Lavia akiwa na miaka 22 bado yuko uwanjani kwetu St Mary's tunapigania nafasi ya 7. Kama kila mpango wa mbele unaishia kwenye kuuza, basi tuambiwe tu ukweli kwamba sisi ni stendi ya daladala, watu wanapita.

---

Kocha Mchangani

Nimesoma uzi wote, kuna kitu kimoja hakuna aliyekigusa. Kila mtu anasema Ankersen kaleta mpango wa Brentford. Haya, Brentford wamefanyaje? Walipanda Championship 2014 wakakaa huko misimu saba, SABA. Wakafunga akademi yao 2016 wakaanzisha timu B, wakakosea usajili, wakauza Maupay, wakafungwa fainali ya mchujo na Fulham 2020, wakauza Watkins, wakauza Benrahma na bado hawakubadili njia, wamepanda 2021. Kocha Thomas Frank wamemkuta humo humo ndani, alikuwa msaidizi, mechi zake za mwanzo alipoteza nyingi tu hawakumgusa. Makosa yao waliyafanyia sehemu ambayo kosa halikugharimu klabu nzima.

Southampton mmechukua somo la shule ile mkaenda kulifanyia mtihani siku hiyohiyo, tena ligi kuu, kila wiki unakutana na washambuliaji kama Haaland wa Man City.

Halafu mpango unabebwa na watu. Yule Joe Shields aliyewaleta vijana wa City, maana alikuwa City anawajua toka wadogo, alifika kwenu kiangazi na Oktoba ikatangazwa anakwenda Chelsea. Hajamaliza hata msimu. Kocha Hasenhüttl aliyewalea tangu Desemba 2018, aliyevumiliwa hata baada ya kufungwa zile 9-0 mbili, akafukuzwa Novemba. Mkamchukua Jones wa Luton, siku 90 na kitu hayupo. Sasa anatajwa kocha Jesse Marsch ambaye Leeds wamemtimua wiki iliyopita, na mpira wake ni tofauti na wa Jones kama mbingu na ardhi. Kocha wa tatu msimu mmoja, kila mmoja na falsafa yake, na Januari mkaongeza wachezaji wa kila aina: Sulemana winga wa mbio kwa rekodi ya klabu, Onuachu mtu wa mita mbili anayehitaji krosi, Oršić mwenye miaka 30. Onuachu ni mfungaji, Ubelgiji alifunga 33 msimu mmoja, lakini nani anampigia hizo krosi? Huo si mpango tena jamani, ni kununua kila dawa dukani kwa kuwa kichwa kinauma.

Mimi ningekuwa mwenye timu ningemuachia yule Sellés msaidizi mpaka mwisho wa msimu. Pointi za kubaki si nyingi hivyo: msimu uliopita Burnley alishuka na 35, 2021 Fulham alishuka na 28. Zimebaki mechi 16. Kushuka mnaweza kushuka, lakini shukeni na wazo moja kichwani.

---

Kop ya Temeke

@Kocha Mchangani hapo kwa Onuachu umeua 😂 ila ukweli Ward-Prowse anaweza kumtafuta kwa faulo na kona, yule jamaa ni mpango wa muda mrefu peke yake

---

Winga Teleza

Mbona mnaenda Uingereza mbali hivyo, hapa kwetu Mtibwa Sugar walibeba ubingwa 1999 na 2000 mfululizo, wanalea vijana kweli kweli, kijana akichomoza tu Simba au Yanga wanagonga hodi. Leo wanapigania nini? Kulea bila kubakiza ni kazi ya hasara, wanaofaidi ni wengine. Mtakatifu hamia Yanga tu usihangaike

---

Mtakatifu wa Likoni (Jumamosi, 18 Februari)

STAMFORD BRIDGE, KWA CHELSEA, 0-1!!! Sellés mwenyewe benchi! Ward-Prowse faulo, kipindi cha kwanza kinakaribia kuisha, ukuta umeruka, mpira ukapanda ukashuka, kipa anauangalia tu. Ya 17 hiyo kwa faulo za moja kwa moja ligi kuu, Beckham ana 18. Na Lavia pale katikati mbele ya yule Enzo wa Chelsea wa pauni milioni 106, nendeni mkairudie mechi.

Bi Kona uko wapi dada yangu

---

Bi Kona

Niko hapa, niacheni, mmetufunga nje ndani. Ila nikuulize, aliyewaokoa leo ni nani? Ward-Prowse, miaka 28, yuko klabuni tangu mtoto. Sio aliyeletwa na mradi.

---

Mhasibu wa Mpira

Aliletwa na akademi ya Southampton dada, na huo ndio ulikuwa mpango wa kabla ya huu. Ulichukua zaidi ya miaka kumi kumzaa.

---

Kocha Mchangani

Hongereni, lakini msilewe. Pointi 18, bado mkiani, Chelsea huyu kila mtu anamfunga. Jumamosi ijayo mnaenda Elland Road kwa Leeds, naye ana 19, hiyo ndiyo mechi. Wakimpanga Sellés na wakamwachia Lavia acheze na mkongwe mmoja pembeni yake nitaanza kuwaamini. Wakileta kocha mwingine katikati ya wiki, uzi huu ufungwe tuhamie ule wa Championship.

---

Babu Mkeka

Leeds nimempa ushindi. Samahani Mtakatifu